Watu wa Sura ya Tisa

Ilikuwako nchi, na tukiamini habari zinazotufikia basi ingali iko, ambayo haikuwa na upungufu wowote isipokuwa mmoja: haikuwa imeandikwa. Bendera ilikuwa nayo, wimbo wa taifa ulikuwa na beti saba, na jeshi lake lilikuwa na bendi nzuri kuliko jeshi lenyewe. Lakini viongozi wake kila walipokwenda nje walikuta nchi za wenzao zimetajwa katika vitabu vya kale, na yao haimo hata pembezoni. Jambo hilo liliwakosesha usingizi kuliko njaa ya mikoani.

Basi siku moja Waziri wa Urithi, Utalii na Heshima ya Taifa, Mheshimiwa Kitwana Jumbe, alirudi kutoka Uingereza amepakata kitabu. Hakukitia sandukuni, alikuja nacho mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Pale uwanja wa ndege, mbele ya waandishi wa habari, alikiinua juu akasema kwa sauti iliyojaa machozi:

"Ndugu wananchi, tumo."

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya Kiingereza ya karibu miaka mia tatu iliyopita, *Masaibu na Neema za Nahodha Pilbrow*. Aliyeitunga alikuwa mtengeneza mawigi wa London ambaye hakuwahi kupanda chombo kikubwa kuliko mtumbwi wa kuvukia mto wa mji wake. Hata hivyo alikuwa na hisa katika kampuni ya sukari, na sukari ilimfanya aipende dunia nzima. Nahodha wake huyo anaondoka kwao maskini, anapita pwani za Afrika, ananunua watu, anawapeleka mashambani ng'ambo, kisha anarudi tajiri na mcha Mungu, ametubu dhambi zake zote, nazo ni ulevi, matusi, na kutomwandikia mama yake. Kuhusu watu aliowanunua hakutubu kitu, maana haikumjia akilini kwamba pana jambo.

Kitabu kilitaja mahali paitwapo Rasi ya Faraja, penye mwamba wenye umbo la ng'ombe aliyelala. Kamati ya wataalamu ikazunguka pwani yote ya nchi ikitafuta ng'ombe. Mwishowe ikafika Mkadini, ambako mwamba ulikuwepo ila haukufanana na ng'ombe, ulifanana na mwamba. Wizara ya Ujenzi ikatuma mafundi, wakauongezea pembe za saruji na mkia. Baada ya hapo hakuna mtaalamu aliyekuwa na shaka tena.

Tatizo ni kwamba Mkadini palikuwa na watu.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu Feruzi Mabruki, mstaafu, aliyefundisha Kiingereza katika sekondari ya wilaya mpaka meno yake yakaanza kumkimbia. Katika nchi ile nzima ni yeye peke yake aliyekuwa amekisoma kitabu cha Nahodha Pilbrow mpaka mwisho. Mheshimiwa Waziri alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho na picha. Mwalimu alikisoma akiwa chuoni, akakifundisha miaka yote ya kazi yake, na hakuona aibu kusema kwamba anakipenda. Alipenda zile sentensi ndefu zinazopinda na kurudi kama mtu anayetembea bustanini bila haraka. Alipokuwa akinyoa ndevu alizitamka taratibu mbele ya kioo.

Mkewe, Sikudhani, alikuwa mpika chumvi kama wengi wa Mkadini, akichemsha maji ya bahari mpaka ibaki chumvi. Hakujua Kiingereza, lakini Mwalimu alikuwa akimsimulia. Aliwahi kumwuliza:

"Huyo nahodha wako, huko safarini anakula nini?"

"Kitabu hakisemi sana habari za chakula."

"Basi kuna mtu anampikia," alisema Sikudhani, akarudi kuchochea kuni zake.

Habari ya kuhama ililetwa na ofisa ardhi wa wilaya, Bwana Shamte, kijana mpole aliyekuwa amefundishwa na Mwalimu na hivyo hakukubali kuketi mpaka mzee aketi kwanza. Wapika chumvi walikusanyika kumsikiliza. Alieleza kwamba Bunge limepitisha Sheria ya Maandiko, ambayo inasema kwamba shauri lolote la ardhi litaamuliwa na Baraza la Ardhi na Fasihi kwa maandishi ya kale kuliko yote yanayohusu mahali hapo. Na maandishi ya kale kuliko yote yanayohusu Mkadini ni Nahodha Pilbrow, sura ya nne, pale aliposema: *Tukashuka pwani tupu, isiyo na mtu wala dalili ya mtu.*

"Kwa hiyo mnatufukuza," alisema Mwalimu.

Bwana Shamte alionekana kuumia. "Hapana, Mwalimu. Anayefukuzwa ni mtu aliyepo. Nyinyi hampo. Mnaombwa tu mfanane na kumbukumbu." Akaongeza kwamba kampuni moja ya ng'ambo, iitwayo Faraja, itajenga hoteli mahali pale, na kwamba anasikitika sana. Akabusu mkono wa mwalimu wake, akapanda gari.

Watu walibaki wakitazama makarai yao ya chumvi. Ndipo Mwalimu aliposema maneno ambayo siku zile yalionekana kama mlango uliofunguka. Alisema hawa wakubwa wameishia sura ya nne. Katika sura ya tisa nahodha anarudi kwenye rasi ileile, na safari hii anakuta watu, wengi, tena anawaeleza kwa urefu. "Nitakwenda Barazani niwasomee," alisema. "Kama kitabu ndicho sheria, basi kitabu kinatujua."

Watu wakampigia makofi. Sikudhani hakupiga. Walipokuwa wamekaa nyumbani alimwuliza:

"Hao watu wa sura ya tisa, wanafanya nini hapo pwani?"

"Wanauzwa."

"Wote?"

"Mashua zinajaa. Wengine wanaachwa wangojee safari nyingine."

Katika ukoo wa kina Sikudhani kulikuwa na habari ambayo wanawake walipeana kwa kunong'onezana, na haikutoka nje ya jiko. Ya kwamba mama yao wa kwanza hakuzaliwa Mkadini, aliletwa kutoka bara amefungwa kamba shingoni pamoja na dada yake. Dada alitiwa mashuani, mashua ikajaa, na yeye akabaki. Watu wa mjini bado walikuwa wakiwatukana wapika chumvi kwa habari kama hiyo, wakiwaita masalia ya mnada. Sikudhani mwenyewe aliposwa mara mbili kabla ya Mwalimu, na mara zote mbili posa ilirudishwa baada ya watu kuulizia asili yake.

"Mtengeneza mawigi alijuaje?" aliuliza.

"Mabaharia walikuwa wakisimulia vilabuni. Naye alikuwa akiwanyoa vichwa."

"Ukisoma hiyo sura mbele za watu, kila mtu atajua sisi ni kina nani."

"Sitaisoma kama hutaki."

Sikudhani alifikiri mpaka moto ukafifia. "Makaburi ya mama zangu yako hapa," alisema. "Isome. Kama ni lazima tuvuliwe nguo ili tubaki kwetu, basi na tuvuliwe."

Baraza la Ardhi na Fasihi lilikutana katika ukumbi wa zamani wa forodha. Mwenyekiti alikuwa balozi mstaafu, Mheshimiwa Sufiani Kilembwe, ambaye alivaa wigi lenye mikunjo, lililoagizwa makusudi kwa heshima ya mtunzi. Joto la siku ile lilikuwa kali, na wigi lilikuwa likitiririsha maji mpaka kwenye faili. Wakili wa kampuni, Bwana Tindwa, alitumia asubuhi nzima kueleza kwamba pwani tupu ni pwani tupu. Mheshimiwa Waziri alikaa mstari wa mbele na kutikisa kichwa kila aliposikia jina la nchi.

Mwalimu aliitwa. Sheria ilimtaka asome kwa lugha ya taifa, ili mwananchi wa kawaida aelewe anachonyang'anywa. Akaanza kutafsiri papo hapo, kwa sauti yake ya darasani:

"'Nilirejea Rasi ya Faraja mwezi wa Machi, nikawakuta pale watu wengi, wenye afya njema na meno mazuri, ambao Mfalme wa mahali pale alinipa kwa kioo, vitambaa na tarumbeta. Mashua zetu zilipojaa, waliozidi tuliwaacha pwani wangojee safari nyingine. Miongoni mwa waliopakiwa alikuwapo mwanamke mmoja, mrefu, ambaye alipotiwa mashuani alilia kwa sauti kubwa, kwa furaha, nadhani...'"

Hapo akasita. Neno lile, nadhani, alilifundisha miaka mingi. Aliwaambia wanafunzi kwamba hapo ndipo ufundi wa mtunzi unapoonekana, jinsi anavyojishusha, jinsi asivyodai kuujua moyo wa mtu mwingine. Kwa Kiingereza lilikuwa neno dogo zuri. Sasa lilimtoka kwa lugha ambayo Sikudhani aliielewa, na Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, mrefu kuliko wote waliomzunguka, akimtazama mumewe mdomoni.

"Endelea, Mwalimu," alisema Mwenyekiti.

"'...kwa furaha, nadhani, ya kujua kwamba anakwenda kukaa na watu wastaarabu.'"

Wakili Tindwa alisimama polepole, kama mtu aliyeletewa zawadi na anaogopa kuichana karatasi.

"Shahidi, hao waliozidi, walioachwa pwani. Unasema wazao wao ndio wakazi wa Mkadini wa leo?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

Mwalimu alitazama nyuma. Sikudhani aliinamisha kichwa kumkubalia. "Nina hakika," alisema Mwalimu. "Mke wangu ni mmoja wao."

Watu wa mjini waliojaa madirishani wakanong'onezana. Kabla hawajanyamaza, Mheshimiwa Waziri aliinuka akaomba nafasi. Alisema anashindwa kuizuia furaha yake, kwa sababu yule Mfalme wa Rasi aliyetajwa kitabuni ni babu wa mababu zake, na tarumbeta yenyewe bado ipo sebuleni kwake, imebonyea kidogo tu. Alipigiwa makofi marefu. Mwalimu, aliyekuwa bado amesimama kizimbani, alijikuta na yeye amenyanyua mikono apige, akaishusha.

Hukumu ilitolewa baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti aliisoma kwa madaha:

"Baraza linamshukuru shahidi, na limeridhika kwamba watu walikuwepo. Shauri la pwani tupu limetupwa." Hapo wapika chumvi walishikana mikono. "Baraza limeridhika pia kwamba watu hao waliuzwa na mwenye mamlaka, kwa bei ambayo ililipwa yote, na tumeambiwa ipo sebuleni kwa Mheshimiwa Waziri. Baadhi walichukuliwa. Waliobaki ni mzigo uliolipiwa ambao mnunuzi hakuwahi kuufuata. Haki ya mnunuzi haifi kwa kuchelewa. Kampuni ya Faraja imetuonyesha kwamba imenunua haki zote za kitabu hiki, na Baraza halioni kwa nini haki zote zisiwe haki zote."



"Hata hivyo," aliendelea Mwenyekiti, akipangusa jasho kwa ncha ya wigi, "nchi yetu ni huru na imetia sahihi mikataba yote. Biashara ya watu ni haramu. Kwa hiyo wakazi hawa hawatauzwa kamwe. Watakodishwa."

Lazima tuseme ukweli kwamba kampuni ilikuwa na roho nzuri. Haikubomoa nyumba hata moja. Iliziezeka upya kwa makuti, ikang'oa nyaya za umeme ambazo hazikuwemo kitabuni, na kuwaruhusu watu wote wabaki Mkadini kwa sharti moja, kwamba wawe watu wa sura ya tisa. Kila siku wageni walipokwisha kunywa chai, wapika chumvi waliteremka pwani wakiwa wamefungwa minyororo, wakatiwa mashuani, wakazungushwa nyuma ya mwamba wenye pembe, wakarudishwa kwa mlango wa jikoni wa hoteli. Minyororo ilikuwa ya plastiki mwanzoni. Wageni wakaandika kwamba sauti yake haigusi moyo, ikaletwa ya chuma.

Mwalimu Feruzi aliajiriwa kuwa msomaji. Hakutaka, lakini meneja, bwana mmoja mchangamfu aitwaye Hugh, alimweleza kwamba asiyekuwa na kazi Rasini si mkaaji wa Rasi. Basi akasimama kwenye jukwaa karibu na bwawa la kuogelea, kipaza sauti mkononi, akisoma kwa Kiingereza zile sentensi alizozipenda. Sikudhani alipewa nafasi ya mwanamke mrefu. Ilikuwa nafasi ya heshima, kwa kuwa yeye pekee katika kundi lile lote ndiye aliyeandikwa peke yake.

Tabu ni kwamba hakulia. Alitembea mpaka mashuani akiwa na uso mkavu, akapanda, akatazama baharini. Wageni walilalamika. Meneja Hugh akamwomba Mwalimu amfundishe mkewe.

"Anataka ulie kwa furaha," Mwalimu alimwambia walipokuwa chumbani.

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka wasikutoe. Wakikutoa hutakaa hapa."

Sikudhani alivua kanga, akaonyesha mahali chuma kilipomchubua kifundo cha mguu, akapaka mafuta ya nazi. "Nimejaribu, Feruzi," alisema. Alimwita jina lake pale tu alipochoka sana. "Nikifika pale nikikumbuka wewe ndiye unayesoma, machozi yanarudi ndani."

Mara moja waligoma. Wazo lilikuwa la Sikudhani. Walikubaliana kwamba kesho yake hakuna atakayeteremka, na kweli, wageni walipomaliza chai waliikuta pwani nyeupe na kimya, bila mtu, mpaka kwenye mwamba. Wapika chumvi walijifungia ndani wakisikiliza. Walichosikia ni makofi. Meneja Hugh alikuwa amesimama mbele ya wageni akiwasomea sura ya nne, na wageni walisema hawajawahi kuona upweke uliopangwa kwa ustadi kiasi kile. Tangu siku hiyo pwani tupu ikawekwa kwenye ratiba kila Jumatatu, na watu wakaamriwa wajifungie.

Msimu uliofuata Mheshimiwa Waziri alikuja Mkadini na bendi ya jeshi. Alitangaza kwamba Uingereza imeipa nchi heshima isiyo na kifani. Katika mji mmoja wa bandari kule, palipokuwa na maghala ya sukari, kutafunguliwa Jumba la Nahodha Pilbrow, na jumba hilo linahitaji watu halisi. Watachukuliwa wachache tu, walio bora. Pasipoti zitatunzwa na kampuni, zisipotee. Mkataba ni wa muda utakaohitajika.

"Tulikuwa tumeandikwa," alisema Waziri. "Sasa tunakwenda kuonekana."

Jina la kwanza lilikuwa la Sikudhani, ingawa tukisema jina tunakosea. Iliitwa nafasi yake. Mwanamke mrefu.

Mwalimu alikwenda kwa Bwana Shamte, ofisa ardhi, akamkuta ameketi na kwa mara ya kwanza hakuinuka. Alikwenda kwa Wakili Tindwa, ambaye alimwambia kwamba shauri lao lilikuwa zuri sana na sasa linafundishwa chuoni. Alikwenda mpaka kwa Mwenyekiti Kilembwe, aliyempokea kibarazani bila wigi, kichwa chake kikiwa kimejaa vipele vya joto. Mzee huyo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetuthibitishia. Sisi tulikuwa tayari kuamini kwamba hampo."

Asubuhi ya safari Sikudhani alifunga chumvi kidogo kwenye kitambaa, akaitia kifuani. Walisimama mlangoni bila kujua washikaneje, kwa sababu mikono yake ilikwisha kufungwa tayari kwa maonyesho; safari hii meli ilikuwa ya kweli na ingengoja nje ya miamba, lakini wageni walikuwa wamelipia kuona.

"Usisome kwa sauti nzuri," alimwambia mumewe.

"Sitasoma vizuri."

"Najua utajaribu," alisema Sikudhani, akatabasamu kidogo, akateremka.

Mwalimu alipanda jukwaani. Alisoma habari za mwezi wa Machi, afya njema na meno mazuri. Alisoma kioo na tarumbeta. Alipofika kwa mwanamke mmoja, mrefu, alifunika kitabu kwa kiganja akasema kwenye kipaza sauti, kwa lugha ya nyumbani:

"Huyu ni Sikudhani binti Mwanakombo. Ni mpika chumvi. Ni mke wangu, na halii kwa furaha."

Sauti ilisambaa juu ya bwawa na juu ya miavuli. Wageni, waliokuwa wakifuatilia katika vitabu vyao vidogo, wakaanza kupekua mbele na nyuma. Mama mmoja alimwuliza mwenzake ni ukurasa gani. Mwenzake akasema labda ni toleo jingine. Mtu wa mitambo akashusha sauti, bendi ikapiga, na Sikudhani, ambaye alikuwa amegeuka aliposikia jina lake, alishikwa kiwiko akapandishwa. Alikuwa analia sasa. Wageni walipiga picha nyingi sana, na wote walikubaliana kwamba siku ile alicheza vizuri.

Mwalimu hakuadhibiwa. Meneja Hugh alimsamehe, akasema wasanii wote ni watu wa hisia. Kesho yake alimwita pwani kabla ya wageni kuamka. Walikuwapo wapika chumvi waliobaki, wamejipanga, na mbele yao amesimamishwa Mashavu, binti wa jirani, msichana aliyekuwa amemaliza shule mwaka ule. Alikuwa amevalishwa gauni la Sikudhani, na pindo lilikuwa likiburuta mchangani. Mama yake alikuwa pembeni, anamtazama Mwalimu kwa macho ya kuomba, kwa sababu nyumba isiyokuwa na nafasi kwenye onyesho ilikuwa haina siku nyingi Mkadini.

"Wewe unakijua kitabu kuliko sisi sote," alisema Meneja Hugh. "Anatosha urefu?"

Mwalimu Feruzi alimtazama yule binti kuanzia miguuni mpaka kichwani, akachukua muda. Kisha akasema anatosha, wakishalipunguza gauni.